Sura ya 5: Faini Ilikwenda Kwingine

Jirani yangu huamka saa tisa za usiku kukanda unga wa mahamri. Zamani alikanda kwa mikono miwili, haraka haraka, harufu ya iliki na tui la nazi ikifika hadi dirishani kwetu. Sasa anakanda kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia anauegemeza kwenye ukingo wa beseni lisizunguke, kwa sababu vidole viwili havikunjiki tena. Panga lilipita juu ya kiwiko cha mkono alipoingilia ugomvi wa vijana mlangoni pake, na kano zilizokatika hazikuungana sawasawa.

Kesi ilichukua karibu miaka miwili. Alikwenda mahakamani mara kumi na moja, na mara saba kati ya hizo alirudi bila kusema neno kwa kuwa shauri liliahirishwa. Siku ya hukumu nilimsindikiza. Karani alisimama akasoma: Jamhuri dhidi ya fulani, akataja jina la kijana. Jirani yangu akaniinamia sikioni.

"Mwanangu, na mimi wataniita lini?"

Hakuitwa. Katika jalada lile alikuwa shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka, basi. Hakimu alimtia kijana hatiani kwa kumdhuru mwili, akamhukumu faini ya shilingi 60,000 au kifungo cha mwaka mmoja. Wajomba wa kijana walichanga, na kabla ya alasiri faini ikawa imelipwa. Tulirudi nyumbani kwa matatu moja, sisi tumekaa nyuma, kijana na wajomba zake mbele. Jirani yangu alikuwa na bahasha ya kaki mapajani, imejaa risiti za hospitali, za dawa na za nauli. Tulizijumlisha jioni ile: shilingi 47,300, bila kuhesabu siku ambazo hakukaanga. Akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu.

"Zile elfu sitini nitazipokea dirisha gani?"

Sura hii ni jibu nililopaswa kumpa.

Hakuna dirisha, kwa sababu fedha zile hazikuwa zake. Sheria ya jinai tuliyonayo inasema kosa la kumkata mtu kwa panga limetendwa dhidi ya Jamhuri. Jamhuri ndiyo inayoshtaki, ndiyo inayoshinda au kushindwa, na faini ikitozwa huingia mfuko wake. Aliyekatwa hubaki kuwa ushahidi, pamoja na panga lenyewe na P3, fomu ya polisi ya kuandikia majeraha. Nimekaa na jambo hili miaka kadhaa, na kila nikiligeuza naona deni. Serikali iliposema kosa hili ni langu, niachieni mimi, ilichukua pia ile haki ya aliyeumizwa kulipwa. Aliyechukua kitu cha mtu anapaswa kukirudisha au kukilipia. Ndiyo maana kila ninaposikia fidia kwa waathiriwa wa uhalifu ikizungumzwa kama huruma ya serikali, moyo unakataa.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Watu wa pwani wanalijua neno dia, malipo ya damu, ambayo katika sheria ya Kiislamu huhesabiwa tangu kale kwa ngamia 100 kwa mtu aliyeuawa. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, alieleza mizani ya Wakikuyu: mbuzi au kondoo 100 kwa mwanamume aliyeuawa, 30 kwa mwanamke. Huko Uingereza nako, kabla wafalme hawajapata nguvu, sheria za kale ziliorodhesha bei ya jino, ya sikio na ya uhai. Kisha mfalme akaanza kudai sehemu yake kwa kuwa amani iliyovunjwa ni yake, sehemu ikakua, na mwishowe akachukua yote. Mfumo huo uliokwisha komaa ndio ulioletwa kwetu na wakoloni. Kanuni ya Adhabu ilipoanza kutumika Kenya mwaka 1930, mzee wa ukoo aliyezoea kupatanisha familia mbili aliambiwa damu sasa ni kazi ya polisi.

Sisemi turudi kule. Hesabu ya mbuzi 100 na mbuzi 30 yatosha kuonyesha nani alithaminiwa na nani hakuthaminiwa. Hadi leo, kaskazini mashariki mwa Kenya, msichana akibakwa, wazee wanaweza kukaa chini ya mti na kumaliza jambo kwa maslaha, suluhu ya kimila. Ngamia hupita kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine, baba na ami zake hugawana, na yeye aliyeumizwa haonekani katika mgawo. Fidia isiyofika mkononi mwa mwenye jeraha ni biashara ya watu wengine juu ya mwili wake. Mzee akiila chini ya mti au hazina ikiimeza mjini, kwa huyo msichana ni mamoja.

Aliyelisema jambo hili kwa sauti katika zama zetu alikuwa mwanamke wa Uingereza, Margery Fry, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kupigania hali bora za wafungwa. Katika miaka ya 1950, akiwa mzee, aligeukia upande wa pili. Alichukua kesi ya mtu aliyepigwa na watu wawili mwaka 1951 hadi akapofuka. Mahakama iliamua alipwe pauni 11,500. Walioshtakiwa hawakuwa na kitu, basi wakaamriwa kila mmoja alipe shilingi tano za Kiingereza kwa wiki. Fry akapiga hesabu. Kwa mwendo ule kipofu yule angehitaji kuishi miaka 442 ili aipokee shilingi ya mwisho.

Hesabu hiyo ndiyo inayoangusha jibu la kwanza ambalo kila mtu hulitoa, yaani mhalifu alipe mwenyewe. Alipe, naam, akiwa nacho. Lakini wengi hawana, wengine hawakamatwi kabisa, na wengine wamekufa. Jeraha halingoji wajulikane. Fry aliandika kwamba umma ubebe mzigo huu kwa pamoja, kama alivyoona wafanyakazi walioumia kazini wakilipwa. Alifariki mwaka 1958 bila kuona matunda. New Zealand ilipitisha sheria ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1963, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1964. Uingereza ikafuata Agosti mwaka huohuo, na California mwaka 1965. New Zealand haikuishia hapo. Tangu mwaka 1974 nchi ile ina bima moja ya umma kwa kila aliyeumia, awe ameanguka ngazini, amegongwa na gari au amechomwa kisu. Anayeumia hatakiwi kwanza kumpata wa kumlaumu.

Marekani ilichagua njia nyingine, na hii ndiyo ningependa jirani yangu aijue. Sheria ya mwaka 1984 iliunda hazina ya waathiriwa wa uhalifu ambayo haichoti kodi za wananchi. Inajazwa na faini na adhabu wanazotozwa waliotiwa hatiani katika mahakama za shirikisho, hasa makampuni makubwa, kisha majimbo hupelekewa fedha za kulipia matibabu, ushauri nasaha, mazishi na mishahara iliyopotea. Baada ya miaka mingi waendesha mashtaka walianza kumalizana na makampuni nje ya hukumu, na fedha hizo zikawa zinaingia mfuko mkuu wa serikali badala ya hazina ya waathiriwa. Hazina ikapungua vibaya, na vituo vya kuhudumia wanawake waliopigwa vikaanza kupunguziwa fedha. Mwaka 2021 bunge lao lilirekebisha sheria ili fedha za makubaliano hayo nazo zirudi zinakotakiwa. Hata kwenye nchi tajiri, faini isipolindwa kwa maandishi hupotea njia.

Si kwamba wenzetu wameyaweka yote sawa. Mipango hii hulipa baada ya milango mingine kufungwa, hudai taarifa ya polisi na hudai muda. Uingereza kwa miaka mingi ilikuwa na kanuni iliyonikera niliposoma habari zake: aliyeumizwa kabla ya Oktoba 1979 na mtu aliyeishi naye nyumba moja hakustahili senti. Maana yake mtoto aliyenajisiwa na baba yake wa kambo alinyimwa, na mtoto wa jirani aliyenajisiwa na mtu huyohuyo alilipwa. Kanuni hiyo iliondolewa mwaka 2019, wakati watoto wale walikuwa na wajukuu.

Na kwetu? Kwenye karatasi tuna mengi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio la misingi ya haki kwa waathiriwa, likisema mhalifu asipoweza kulipa kikamilifu, serikali zijitahidi kulipa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 50(9), iliagiza Bunge litunge sheria ya kuwalinda waathiriwa na kutazama ustawi wao. Sheria ikapatikana mwaka 2014. Inampa mwathiriwa haki ya kusikilizwa, ya kueleza mahakamani jinsi kosa lilivyomwathiri kabla hukumu haijatolewa, na inaunda bodi pamoja na mfuko wa amana wa kuwasaidia. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki katika kesi ya jinai kupitia wakili wake. Kwa upande wa faini, zamani hata kabla ya hapo, kifungu cha 175 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kilimruhusu hakimu kuamuru fidia, hata kuitoa katika faini yenyewe. Tanzania nayo ina kifungu chake kinachomwezesha hakimu kumwamuru aliyetiwa hatiani amlipe aliyeumizwa.

Nilipofika hapo katika kusoma, niliweka kitabu chini. Jirani yangu angeweza kulipwa siku ileile, katika chumba kilekile, kutoka shilingi zilezile. Sheria inasema hakimu anaweza, haisemi lazima. Hakuna aliyeomba. Kiongozi wa mashtaka alikuwa na majalada mengine mkononi, jirani yangu hakuwa na wakili, nami niliyekaa kando yake na elimu yangu yote sikujua. Ule mfuko wa sheria ya 2014 nao, kwa miaka mingi baada ya sheria kupitishwa, ulibaki jina bila fedha za kugawa.

Kabla hata ya fidia kuna ngazi nyingine za kupanda. Aliyeumizwa Kenya huanza kituoni apate namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, kisha fomu ya P3. Fomu yenyewe ni ya bure, lakini watu wengi hulazimika kumlipa daktari ili aijaze. Tanzania kuna PF3, na wapo waliofika hospitali damu ikichuruzika wakaulizwa kwanza, fomu iko wapi? Anayetoka kijijini hulipa bodaboda ya kwenda kituoni, ya kwenda hospitali, na ya kurudi kituoni. Huko ndiko kesi nyingi hufia, kabla karani hajasimama kusoma jina la mtu. Msaada wa shilingi elfu tatu katika saa ishirini na nne za kwanza ungefanya kazi ambayo laki tatu haziwezi kuifanya miaka mitatu baadaye. Nauli, dawa ya kutuliza maumivu, kitasa kipya cha mlango uliovunjwa, chakula cha watoto wiki ile ambayo mama hawezi kuuza. Mtu ambaye hajawahi kuumizwa hudhani fidia ni hundi kubwa ya mwisho.

Neno mwathiriwa ni la Kenya zaidi. Tanzania husema mhanga. Nimekuwa nikilifikiria hilo la pili. Mhanga kwa asili ni aliyetolewa, sadaka, kama tunavyosema mtu amejitoa mhanga. Kati ya waliotolewa hivyo katika historia yetu ya karibu, wengi walikuwa barabarani Nairobi asubuhi ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998. Bomu lililolenga ubalozi wa Marekani liliua watu 213 Nairobi, na lingine 11 Dar es Salaam, siku hiyohiyo. Kati ya waliokufa Nairobi, Wamarekani walikuwa 12. Jengo la Ufundi, jirani na ubalozi, liliporomoka lote. Katika jengo la Ushirika watu walisikia mlipuko mdogo na vishindo vya kwanza, wakakimbilia madirishani kutazama kuna nini. Hapo ndipo mlipuko mkubwa ulipokuja, na vioo vikawaingia machoni. Wengi walipoteza macho kwa kutazama nje ya dirisha la ofisi.

Marekani ilitoa msaada wa matibabu na karo kwa miaka kadhaa. Kesi za fidia zilikwenda Washington, dhidi ya Sudan iliyodaiwa kuwahifadhi waliopanga shambulio, na mwaka 2020 Sudan ikakubali kutoa dola milioni 335. Wakati wa kugawa ndipo mstari ulipochorwa. Fedha zilikuwa za raia wa Marekani na za waliofanya kazi ubalozini. Familia ya Mmarekani aliyeuawa ilipangiwa dola milioni 10, familia ya mfanyakazi asiye Mmarekani dola 800,000. Na yule aliyekuwa akipita kwa basi, mwanafunzi wa uhazili katika jengo la Ufundi, karani wa benki ng'ambo ya barabara? Hawakuwamo. Wakenya hao wameandamana, wamepeleka malalamiko bungeni na mahakamani, wamezeeka wakisubiri. Serikali nyingine haina wajibu wa kwanza kwa raia wetu. Serikali yetu ndiyo inayo. Lakini hatukuwa na sheria iliyowataja, na wao wakabaki kuomba kwa mgeni kile walichostahili kudai nyumbani.

Nyumbani kwenyewe, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Rais Uhuru Kenyatta alisimama bungeni Machi 2015, akaomba radhi kwa niaba ya serikali, akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa walioumizwa. Ahadi ilipokewa kwa machozi, kisha miaka ikapita. Wanawake na wanaume waliobakwa katika ghasia zile hawakungoja ahadi. Walikuwa wameshakwenda mahakamani mwaka 2013, na tarehe 10 Desemba 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba serikali ilikuwa imewakosea. Wanne kati ya wanane waliopeleka malalamiko waliamuliwa walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja. Ninachokithamini zaidi kuliko kiasi ni sababu: mahakama ilitambua kwamba serikali inaweza kubeba lawama kwa kutochunguza, hata pale ambapo aliyebaka hakuwa askari wake. Kukaa kimya kwa polisi kukahesabiwa kuwa jeraha la pili, lenye bei yake.

Watu husema nchi zetu ni maskini, haziwezi. Hapo mimi hutaja Rwanda. Mwaka 1998, miaka minne tu baada ya mauaji ya kimbari, nchi ikiwa bado magofu, sheria ilianzisha mfuko wa kuwasaidia manusura na kuutengea asilimia 5 ya mapato ya ndani ya serikali kila mwaka. Mfuko ulilipa karo, ulitibu, ulijenga nyumba. Manusura wengi wamelalamika, na nadhani wana haki, kwamba walipewa msaada na si fidia, kwa sababu msaada hutolewa na mwenye nacho apendavyo na fidia hudaiwa na mwenye haki. Tofauti hiyo ni kubwa. Hata hivyo, serikali iliyokuta hazina tupu iliamua kwamba katika kila faranga mia, tano ni za walioumizwa. Kwetu kila siku mahakama hutoza faini toka Lamu hadi Busia. Fedha zipo na zinahesabiwa. Kilichobaki ni kuandika kwamba sehemu yake, kwa lazima wala si kwa hiari ya hakimu, inapita kwanza kwa mwenye jeraha.

Nilimweleza jirani yangu haya yote jioni moja, tumeketi barazani, naye akichambua mbaazi kwa mkono wa kushoto. Alisikiliza hadi mwisho. Hakulaani mtu. Aliinuka akaleta ile bahasha ya kaki, akazimwaga risiti mkekani, akanionyesha zile nyembamba za duka la dawa.

"Hizi zinafutika, mwanangu. Tazama hii, tarehe haionekani tena. Na huo mfuko ukija kufunguliwa, si wataniuliza ushahidi?"

Kesho yake asubuhi, alipomaliza kuuza, tulikwenda kwenye kibanda cha fotokopi karibu na kituo cha matatu. Risiti zilikuwa 31. Kijana wa pale alizipanga nne nne juu ya kioo, zikatoka kurasa nane, shilingi kumi kwa ukurasa. Jirani yangu alizikagua moja moja kwenye mwanga, akaikataa moja iliyotoka na kivuli, ikarudiwa. Akalipa shilingi 80. Kisha akaendelea kusimama pale kaunta, hata kijana akamwuliza, "Mama, kuna kitu umesahau?"

"Risiti yangu," akasema.